Istilahi za Maporomoko ya Theluji na Daraja la Tatu la Hatari

Wapo wasomaji watakaoshangaa kuona kurasa hizi, ambazo kwa kawaida hushughulika na istilahi za sheria, kilimo, benki na uhandisi, zikitoa nafasi kwa theluji. Watauliza, na wana haki ya kuuliza: Mswahili na theluji wapi na wapi? Jibu letu ni fupi. Kiswahili hakikai tena penye joto peke yake. Wako wasemaji wake waliohamia Kanada, Marekani, Uswisi na nchi za Skandinavia, wengi wao wakiwa wametoka mashariki ya Kongo. Watoto wao husoma katika shule ambazo wakati wa baridi huweza kuwapeleka wanafunzi milimani, na mzazi huletewa karatasi ya ruhusa atie sahihi. Karatasi hiyo ikifasiriwa, mfasiri huwa ndiye aliyesimama kati ya hatari na mtu atakayeikubali au kuikataa. Mzazi hana theluji aliyokulia nayo impe maana; ana maneno tu.

Fani tuliyoichagua ni mafunzo ya juu ya usalama kwa wanaskii wanaopanda milima isiyohudumiwa. Mambo mawili katika sentensi hiyo yahitaji maelezo kabla hatujaendelea mbele. Tumesema wanaskii, kwa kufuata mfano wa mwanariadha na mwanamasumbwi, wala hatukusema watelezaji, ijapokuwa kisarufi neno hilo halina kasoro. Katika Kiswahili anayeteleza ni mtu aliyepatwa na ajali. Aliyejifunza kwa miaka kumi kushuka mlima juu ya mbao mbili hastahili jina la aliyekanyaga ganda la ndizi. Tumesema pia milima isiyohudumiwa. Mfasiri mwingine angependelea kusema nyikani au porini, lakini nyika ni tambarare kavu, na pori ni mahali pa miti na wanyama. Linalokusudiwa hapa ni mlima usio na huduma zinazopatikana katika viwanja vya skii: hakuna lifti za kamba, hakuna walinzi, hakuna mafundi wanaolipua baruti alfajiri ili theluji ya hatari ishuke kabla watu hawajafika. Jina linalotaja huduma zilizokosekana humwambia msikilizaji kwamba kazi za hao wote sasa ziko juu yake mwenyewe.

Nchini Kanada, ambako shirika la Avalanche Canada lenye makao yake Revelstoke ndilo linaloongoza mtaala, ngazi ya kwanza ya mafunzo haya huchukua siku mbili hivi, na ya pili siku nne hivi. Ngazi ya kwanza humfundisha mtu kutambua mahali pa hatari, kusoma taarifa ya siku na kumfukua mwenziwe. Ngazi ya pili humtaka apange safari, achimbe theluji na kuichunguza, aongoze wengine, na juu ya yote aamue. Kwa hiyo istilahi za ngazi ya pili si majina ya vitu tu, bali nyingi ni majina ya hukumu.

Tuanze na jina la janga lenyewe. Kiswahili kina neno maporomoko, nalo limezoeleka: maporomoko ya maji, maporomoko ya ardhi, maporomoko ya mawe. Tope lililoshuka kutoka mlima Hanang na kuufikia mji wa Katesh mnamo Desemba 2023 liliitwa maporomoko, na hivyo ndivyo yanavyoitwa mawe yaliyowaua wapandaji watatu Wamarekani katika njia ya Western Breach huko Kilimanjaro mnamo Januari 2006. Kwa hiyo maporomoko ya theluji ni jina la halali, na hatuoni sababu ya kutafuta jingine. Ila twashauri kwamba tukio moja liitwe poromoko, kwa umoja, maana wataalamu huhesabu, na taarifa inayosema maporomoko haijulishi kama ni moja au ishirini.

Yafaa pia wafasiri waache kuchanganya theluji na barafu. Historia ya maneno haya mawili inachekesha kidogo. Barafu limetoka katika neno la Kiajemi lenye maana ya theluji. Theluji limetoka katika neno la Kiarabu linaloweza kutaja theluji na barafu pia. Waswahili wa kale, ambao hawakuwa na haja kubwa na chochote kati ya hivyo, waliyapokea yote mawili, na matumizi yakayagawia kazi: barafu ni maji yaliyoganda na kuwa gumba, theluji ni ile inayonyesha. Mgawanyo huu ni mzuri, tuulinde. Tarehe 18 Aprili 2014 wafanyakazi 16 wa Nepal waliuawa katika mlima Everest, na tarehe 3 Julai 2022 watu 11 walikufa katika mlima Marmolada huko Italia. Katika matukio yote mawili kilichokatika kwanza kilikuwa pande la barafu, si tabaka la theluji. Mafunzo tunayoyazungumzia hayawezi kumfundisha mtu kutabiri barafu itakatika saa ngapi; theluji humwonyesha dalili nyingi zaidi. Mwandishi wa habari anayeyaita yote theluji anafuta tofauti ambayo mwanafunzi wa ngazi ya pili analipa fedha kujifunza.

Sasa tufike kwenye kitenzi, ambako Kiswahili kina utajiri ambao wafasiri hawautumii. Tukisema theluji iliporomoka ikawafukia wanaskii wawili, tumetumia kauli inayoonyesha kwamba jambo limetokea lenyewe. Lakini katika ajali zinazowaua wanamichezo wa milimani, takriban tisa katika kila kumi, poromoko huanzishwa na huyo aliyepatwa au na mtu wa kundi lake. Theluji haikuporomoka, iliporomoshwa. Silabi moja ya mwisho inabeba nusu ya somo zima. Kwa tendo hilo la kuanzisha twapendekeza kitenzi kufyatua, kwa sababu kila aliyewahi kutega panya au kanga anajua mtego uliofyatuka: nguvu ilikuwa imekwisha kuwekwa, mguso mdogo tu ukaiachia. Ndivyo ilivyo hasa. Mteremko wenye mwinamo wa nyuzi 30 au zaidi, uliobeba tabaka gumu juu ya tabaka lisilolishika, ni mtego uliotegwa na hali ya hewa, na uzito wa mtu mmoja watosha. Mtego huo waweza hata kufyatuliwa kutoka mbali, mtu akiwa amesimama mahali tambarare chini yake.

Kutokana na hayo aina kuu mbili za poromoko zapata majina bila taabu. Moja huanza katika nukta na kupanuka likishuka, theluji yake ikiwa haijashikamana. Hilo twaliita poromoko la theluji tifutifu, kwa kuazima kwa mabwana shamba wanaosema udongo tifutifu. La pili, ambalo ndilo linaloua zaidi, ni pande pana lililoshikamana ambalo hukatika kwa mara moja na kuteleza lote pamoja, na mtu akiwa juu yake. Hilo ni poromoko la bamba. Bamba la saruji na bamba la chuma vinajulikana. Bamba la theluji halihitaji maelezo marefu.

Kinacholiachia bamba ni tabaka dhaifu lililo chini yake. Wataalamu hutenga matabaka dhaifu yanayopona kwa siku chache, na yale yanayobaki dhaifu kwa majuma au hata miezi. Tafsiri ya kikamusi ingekuwa tabaka dhaifu la kudumu, nayo si mbaya, lakini ni baridi. Twapendekeza tabaka dhaifu sugu. Katika hospitali zetu ugonjwa sugu ni ule usiosikia dawa, unaotulia na kurudi, unaomdanganya mgonjwa kwamba amepona. Tabaka hili lina tabia hiyo hiyo: siku zapita, jua lawaka, watu kumi washuka mteremko salama, na wa kumi na moja anaufyatua.

Matabaka sugu huzaliwa kwa njia mbalimbali, na mojawapo inastahili kusimuliwa. Katika usiku usio na mawingu wala upepo, mvuke hugeuka fuwele juu ya uso wa theluji, nyembamba kama manyoya, zinazometameta asubuhi. Zinapendeza mno. Theluji mpya ikizifunika bila kuzivunja, fuwele hizo husimama gizani kama vijiti vilivyobeba sakafu. Kwa fuwele za aina hii lugha yetu ina neno sakitu. Si neno la kubuni. Limo katika Biblia ya Kiswahili, katika habari ya mana kule jangwani, ila wengi hulisoma wasijue ni kitu gani. Basi tuseme sakitu ya usoni, na baada ya kufunikwa, sakitu iliyozikwa. Aina nyingine hukua chini kabisa, karibu na ardhi, pale theluji ilipo haba na baridi ni kali: chembe kubwa zisizoshikana, zinazomwagika mkononi kama sukari. Ziitwe chembe sukari, yatosha.

Vifaa vya uokozi ni vitatu, na kila mmoja wa kundi huvibeba vyote. Cha kwanza ni redio ndogo inayovaliwa kifuani, inayotuma mawimbi ya kilohezi 457 muda wote wa safari. Mtu akifukiwa, wenziwe huzigeuza zao zipokee na kumtafuta. Twaiita redio ya uokozi. Tumeliepuka jina redio ya kutafutia, maana lingemfanya mwanafunzi afikiri kwamba huwashwa wakati wa kutafuta tu, na redio iliyozimwa haimtafuti wala haimtangazi mtu yeyote. Cha pili ni fimbo ndefu ya kukunja, ya mita mbili na nusu hadi tatu hivi, inayochomwa ndani ya theluji kuhisi mwili ulipo. Maghala yetu ya nafaka yana bambo, kile kichuma cha kuchomea magunia, na kwa maana lingefaa sana. Lakini bambo na bamba vimekaribiana mno kwa sauti, na maneno haya hupigiwa kelele katika upepo na watu wenye hofu. Tumeligeukia neno la mabaharia, pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo katika maji machache. Cha tatu ni beleshi. Hapa lugha ina wingi kupita kiasi: koleo, chepe, sepetu, beleshi. Tumeliacha koleo kwa sababu ni chombo cha mhunzi pia. Mengine mfasiri ahesabu wasomaji wake wako wapi.

Haraka inayotakiwa ipimwe kwa tarakimu. Uchunguzi wa ajali za Uswisi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba katika waliofukiwa kabisa, 92 katika kila mia walikuwa hai walipofukuliwa ndani ya dakika 15, lakini dakika 35 zilipotimia waliobaki hai walikuwa 30 tu. Takwimu mpya zaidi za nchi hiyo hiyo zimeipunguza nafasi ya kwanza kuwa dakika 10 hivi. Helikopta haiwahi, anayewahi ni aliyekuwa jirani yako. Ndiyo maana twapendelea kusema uokozi wa wenzi, si uokozi wa awali. La pili linaleta picha kwamba upo mwingine mkubwa unaokuja.

Kazi ambayo humtofautisha hasa mwanafunzi wa ngazi ya pili ni kuchimba shimo la uchunguzi na kufanya majaribio ndani yake. Jaribio moja maarufu, lililobuniwa na Ron Simenhois na Karl Birkeland mnamo mwaka 2006, twaliita jaribio la nguzo pana. Mchunguzi hutenga nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 30 kuelekea ndani ya mlima, akaweka beleshi juu ya ncha moja, kisha akaligonga mara 10 kwa mkono unaocheza kwenye kifundo, mara 10 kwa mkono unaocheza kwenye kisugudi, na mara 10 kwa mkono mzima kutoka begani. Mfasiri ajihadhari hapa na neno kiwiko. Kwa wengi wetu leo kiwiko ni pale mkono unapokunjika katikati, lakini kuna kamusi na wazee wanaolitumia kwa kifundo cha kiganja. Ni kosa dogo katika hadithi; katika jaribio hili linageuza mapigo mepesi kuwa mazito na mazito kuwa mepesi, na jibu la nguzo huwa uongo.

Jibu lenyewe lina sehemu mbili zisizopaswa kuunganishwa. Ya kwanza ni pigo la ngapi liliuanzisha ufa. Ya pili, iliyo muhimu zaidi, ni kama ufa huo ulikimbia kuvuka nguzo yote papo hapo, au kwa pigo moja lililofuata, ama ulikomea chini ya beleshi. Twaziita mwanzo wa ufa na mweneo wa ufa. Ufa unaoanza kwa shida lakini ukienea wote ni habari mbaya kuliko ufa unaoanza upesi na kukoma. Ipo pia dalili isiyohitaji shimo: mtu hupiga hatua, na theluji chini yake hushuka ghafla kidogo kwa mvumo mzito. Tumeuita mdidimio. Anayeusikia amepewa habari ya bure kwamba tabaka dhaifu limevunjika chini ya miguu yake.

Hatimaye tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii. Mwaka 1993, huko Wildbad Kreuth nchini Ujerumani, idara za maonyo za Ulaya zilikubaliana juu ya mizani moja ya hatari yenye madaraja matano, na Amerika ya Kaskazini nayo hutumia matano. Madaraja la kwanza, la nne na la tano hayana shida: ndogo, kubwa, kubwa sana, kila lugha imesema hivyo kwa namna yake. Shida ni la tatu. Wajerumani wameliita erheblich, Wafaransa marqué, Waitaliano marcato. Mfasiri akilishika neno la Kijerumani na kamusi yake, atatoka na hatari ya kutosha, au hatari ya haja, au hatari ya kiasi fulani. Akilishika la Kifaransa, atatoka na hatari bayana.

Hebu tuyapime. Hatari ya kutosha haina maana kwa msikilizaji. Inatosha kwa nini? Hatari ya kiasi ni baya zaidi, kwa kuwa kiasi ni neno la kupunguza: mtu wa kiasi, bei ya kiasi, anakunywa kwa kiasi. Hatari bayana inavutia, lakini ni ya uongo, maana sifa mbaya ya daraja la tatu ni kwamba mara nyingi hatari haijionyeshi. Katika la nne theluji huporomoka yenyewe kila mahali na hata mgeni hubaki nyumbani. Katika la tatu anga huweza kuwa samawati na mlima ukanyamaza, huku uzito wa mtu mmoja ukiweza kufyatua poromoko katika miteremko mingi. Takwimu za Uswisi zaonyesha kwamba ni katika daraja hili ndipo wengi zaidi hufa. Tena madaraja hayapandi kwa hatua sawa. Werner Munter, kiongozi wa milimani wa Uswisi aliyetunga njia ya kukadiria hatari inayofundishwa hadi leo, alihesabu kwamba kila daraja ni maradufu ya lililotangulia: 2, 4, 8, 16. Msomaji anayeona tatu katikati ya tano hudhani yuko nusu ya njia.

Tarehe 1 Februari 2003 wanafunzi 14 na watu wazima 3 walikuwa wakipita kwa skii katika bonde la Connaught Creek, karibu na Rogers Pass, jimbo la British Columbia nchini Kanada. Poromoko kutoka mlima Cheops likawakumba bondeni, na wanafunzi 7 wakafa. Kwa sehemu za juu za milima, daraja lililotangazwa lilikuwa la tatu. Baada ya msiba huo, mwaka 2004, idara ya mbuga za taifa ya Kanada ilitoa mizani nyingine inayopima ardhi yenyewe, si theluji ya siku, yenye madaraja matatu, ambayo twayafasiri ardhi sahili, ardhi yenye changamoto na ardhi changamano. Mizani hiyo iliandikwa kwa namna mbili, moja ya wataalamu na nyingine ya umma. Wale walielewa kwamba neno linalomtosha mpimaji huenda lisimtoshe mzazi.

Kwa hiyo pendekezo letu ni hili. Daraja la kwanza liitwe hatari ndogo. La pili hatari ya kiasi. La tatu hatari kubwa. La nne hatari kubwa sana. La tano hatari ya kupindukia. Tumelikataa neno wastani kwa daraja la pili, kwa sababu wastani wa tano ni tatu na msomaji atapiga hesabu hiyo. Na tarakimu iandikwe daima kando ya jina, katika karatasi, redioni na katika tangazo la mdomo: hatari kubwa, daraja la 3.

Tunajua pingamizi litakalotolewa, maana kati yetu wenyewe limetolewa. Kwanza, kwamba tumelipandisha neno la tatu kufikia mahali ambapo lugha nyingine zimeweka la nne, na mfasiri hana ruhusa ya kuongeza hatari ambayo mwandishi hakuiandika. Pili, kwamba daraja la tatu hutangazwa mara nyingi sana katika msimu, na watu wakisikia hatari kubwa kila juma wataizoea. La pili lina uzito. Lakini anayezoea ni mwenyeji wa milima aliye na bulletini ya kila asubuhi. Msomaji wetu ni mgeni anayeisoma karatasi hiyo mara moja, usiku, baada ya kazi, akiwa na kalamu mkononi. Kuhusu la kwanza, twaona kwamba uaminifu wa tafsiri hupimwa kwa fasili ya daraja, si kwa ukubwa wa kivumishi cha Kijerumani. Fasili yasema mtu mmoja aweza kufyatua poromoko katika miteremko mingi. Hilo kwa Kiswahili ni hatari kubwa, na hatujui jina jingine la kweli. Panapokuwa na hofu ya kuchanganyikiwa, tarakimu itamaliza ugomvi.

Orodha hii bado iko wazi, nasi tungependa ipate maneno zaidi kabla haijafikishwa kwenye kikao cha usanifishaji. Hasa twawaomba walimu wa Makete, Njombe na uwanda wa Kitulo, na wa sehemu za juu za Nyandarua na Limuru, ambako mazao huungua kwa baridi ya usiku, watuandikie wakulima wao huiitaje ile weupe ya asubuhi juu ya majani, na kama wana neno moja kwa ile inayotua juu na jingine kwa ile inayoinuka kutoka udongoni.